Habari za Misioni Yatima, na Jinsi Tulivyolelewa



Tumeombwa tuandike katika kitabu hiki cha jubilei habari za riziki ya kanisa letu la pwani: lilipata wapi walimu wake, chakula cha watumishi wake, mabati yake na vitabu vyake, tangu siku za kwanza hata leo, ambapo sharika zimejaa Temeke, Kinondoni na mitaa iliyo mbele yake. Kazi hii tumeipokea kwa furaha na kwa hofu kidogo. Hofu yetu ni hii, kwamba habari hizi zinasahauliwa upesi kuliko tulivyodhani.

Mwulizeni mtoto wa shule ya Jumapili, "Kanisa letu lilijengwa na nani?" Mmoja atajibu, "Wazungu." Mwingine, aliyemwona babaye akibeba matofali begani siku za Jumamosi, atajibu, "Sisi wenyewe." Wote wawili wamesema neno la kweli, lakini kila neno likisimama peke yake limepotoka. Maana wa kwanza humfanya mtu kuwa mwombaji mlangoni pa wenziwe, na wa pili humfanya asahau deni lake. Basi na tueleze mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1887 alishuka bandarini Dar es Salaam bwana mmoja aitwaye Johann Jakob Greiner, pamoja na mkewe na binti wa ndugu yake. Alitumwa na chama kipya cha misioni kilichoanzishwa Berlin, naye alikuwa amekwisha kufanya kazi Uhabeshi. Mji haukuwa mji bado. Sultani Majid wa Unguja, aliyeanza kuujenga, alikuwa amekufa mwaka 1870, na majumba yake mengi yaliachwa bila kumalizika. Hata kabla ya miaka miwili kupita, vita vya Abushiri vilifika. Mwezi wa Januari 1889 kazi yote ya misioni iliharibiwa, na huko Pugu ndugu zetu wa Kanisa Katoliki, watawa wa Mtakatifu Benedikto, wakauawa watatu. Twalitaja jambo hili kusudi, kwa kuwa udongo wa Pugu ni udongo wa majirani zetu, nasi hatuna haki ya kusimulia mwanzo wa Injili katika nchi hii kana kwamba damu ilimwagika upande mmoja tu.

Vita vilipokwisha, kazi ikaanza tena. Kisarawe ikafunguliwa 1892, Maneromango 1895. Wengi wa Wakristo wa kwanza hawakuwa Wazaramo, bali watu waliokombolewa utumwani, waliotolewa mbali bara wakaachwa pwani bila ukoo na bila shamba. Kwao hao, neno "ndugu" lilikuwa kama mkate, kwa kuwa hawakuwa na ndugu mwingine. Kanisa kubwa lililo mbele ya bandari, ambalo leo twaliita Azania Front, lilikwisha kujengwa mwaka 1902. Mwaka uliofuata chama kile kipya kikakabidhi Dar es Salaam na Uzaramo kwa Misioni ya Berlin iliyo ya zamani zaidi, ambayo ilikuwa ikifanya kazi Konde tangu 1891. Tazameni, basi: katika miaka kumi na sita ya kwanza tulikuwa tumekwisha kubadilisha walezi mara moja.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Vita Kuu vilianza mwaka 1914, na mwezi wa Septemba 1916 jeshi la Waingereza likaingia Dar es Salaam. Wamisionari wa Kijerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, wakawekwa chini ya ulinzi, na hata ilipofika mwaka 1920 walikuwa wamerudishwa kwao. Fedha kutoka Berlin zikakatika. Barua zikakatika. Watu wengine walisema waziwazi kwamba dini ile ilikuwa dini ya Wajerumani, na kwa kuwa wenyewe wamekwenda, itakwenda nayo.

Haikwenda. Kundi lilishikwa na walimu. Jina linalojulikana kuliko mengine ni la Martin Ganisya, mtu aliyetoka utumwani, akafundishwa katika misioni, akawa mwalimu, naye ndiye aliyesimama mbele ya Wakristo wa Dar es Salaam katika miaka ile. Tufikiri maana yake. Mtoto aliyetekwa, asiye na mtu wa kumtetea, alikuja kuwa mlezi wa kanisa lililoachwa bila mlezi. Hakuwa na chama nyuma yake, wala hazina, wala serikali iliyomwangalia kwa jicho jema, maana kila aliyewahi kuwa karibu na Wajerumani alishukiwa. Mshahara ulipokoma, mwalimu wa siku zile aliishi kwa jembe lake na kwa kile ambacho waumini waliweza kumletea. Twaomba neno hili lisipitwe haraka. Msaada wa kwanza uliolihifadhi kanisa letu haukutoka ng'ambo. Ulitoka mashambani mwa watu maskini, wengi wao wakiwa wamekombolewa jana na juzi.

Wakati huohuo Mungu aliwainua wengine katika pande nyingine za nchi. Kusini, kwa Wanyakyusa na jirani zao, Wapresbiteri wa Scotland waliokuwa Livingstonia walivuka mpaka wakalisaidia kundi la Misioni ya Berlin, ingawa hawakuwa Walutheri. Kaskazini, Kilimanjaro, walikuja watu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani. Kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Kiswidi, watu waliokimbia njaa na uhaba kwao, wakalima nyanda za Marekani. Hawakuwa matajiri. Mmoja wao aliitwa Ralph Hult. Alikuwa ametumwa kwanza kutafuta mahali pa kazi upande wa Sudan, kisha akaelekezwa Tanganyika. Msomaji alishike jina hili, maana tutarudi kwake. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na watu wa Augustana wakahamia Iramba kuanza kazi mpya. Walirudisha kwa wenyewe kundi walilolichunga, kisha wakaondoka. Jambo hilo si dogo. Wapo wengi wanaojua kusaidia, lakini wanaojua kuondoka ni wachache.

Miaka kumi na minne ikapita. Mwezi wa Septemba 1939 vita vikaanza tena, na mambo yaleyale yakajirudia: wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuwekwa kambini. Safari hii pengo lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu kazi ilikuwa imekua: Usambara, Uzaramo, Konde, Ubena, Kilimanjaro, Bukoba. Ndipo lilipozaliwa jina hilo tuliloliandika juu ya habari hizi, "misioni yatima". Walutheri wa Marekani walikusanya sadaka kwa ajili ya misioni zote za dunia zilizotengwa na vita, wala hawakuuliza zilianzishwa na nani. Kanisa la Uswidi likatuma watu. Uangalizi wa makundi katika Tanganyika ukawekwa mikononi mwa wamisionari wachache wa Augustana waliokuwa Iramba na Singida, wakiongozwa na George N. Anderson. Walikuwa wachache mno kwa nchi iliyo kubwa hivi. Wakaomba wenzao waje.

Wenzao wakapanda merikebu. Merikebu hiyo ilikuwa ya Misri, jina lake Zamzam, jina ambalo jirani zetu Waislamu walijua kuliko sisi, maana ni jina la kisima cha Makka. Ilibeba abiria mia mbili hivi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamisionari wa makanisa mengi, pamoja na wake zao na watoto. Miongoni mwao alikuwapo Bibi Lillian Danielson na watoto wake sita, wakimfuata mumewe, Elmer Danielson, aliyekuwa tayari Tanganyika. Alikuwapo pia Ralph Hult, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto kumi aliowaacha kwao pamoja na mama yao.

Tarehe 17 Aprili 1941, alfajiri, katika bahari ya Atlantiki upande wa kusini, manowari ya Kijerumani iitwayo Atlantis iliipiga Zamzam kwa mizinga. Mashua nyingine zilitobolewa, watu wakaingia majini na watoto wao. Lakini mabaharia walewale wa Kijerumani waliopiga mizinga wakawaopoa, na hakuna aliyezama. Mmoja alikufa baadaye kwa majeraha. Wakachukuliwa katika merikebu nyingine ya Kijerumani wiki nyingi baharini hata pwani ya Ufaransa, na Wamarekani wakarudishwa kwao kwa njia ya Ureno. Vitu vyao vingi vilikuwa chini ya bahari: vitabu, dawa, nguo, vyombo vya nyumbani.

Ndugu wasomaji, tuone hali ilivyokuwa. Watu hawa walikuwa njiani kuja kulichunga kundi la misioni ya Kijerumani, nao wakazamishwa na Wajerumani. Mtu gani angewalaumu kama wangesema, "Basi, yatosha, kila taifa na lilee watoto wake"? Mwezi wa Desemba mwaka uleule nchi yao wenyewe iliingia vitani na Ujerumani. Hata hivyo sadaka za misioni yatima hazikukoma.

Na Ralph Hult alipanda merikebu mara ya pili. Safari hii alifika. Alikuja kwetu, katika nchi aliyoijua tangu ujana wake, akafanya kazi kwa muda usio mrefu. Mwaka 1943 akafa kwa homa, hapa Dar es Salaam, mbali na mkewe na watoto wake kumi.

Tumewauliza Wakristo wengi wa Temeke na Kinondoni kama wamepata kulisikia jina hili, nao wametujibu kwamba hawakulisikia. Hatuwalaumu, sisi nasi tulilijua tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima. Binti yake mmoja, Ingrid, aliyezaliwa Moshi mwaka 1926, naye alikuja kufanya kazi ya misioni katika Afrika, huko Kamerun. Akaolewa na mchungaji Walter Trobisch. Mchungaji huyo alikuwa Mjerumani, naye alikuwa amepigana vita katika jeshi la nchi yake. Twaliandika jambo hili bila kuliongezea neno.

Baada ya vita mji wa Dar es Salaam ulianza kutanuka. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha watu wapata 69,000 tu. Ile ya 1967 ikaonyesha zaidi ya 272,000. Na ile ya 2022 ikaonyesha mkoa wote kuwa na watu 5,383,728. Katika miaka ya 1950 serikali ilipima viwanja na kujenga nyumba Magomeni, Temeke na Kinondoni kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakija mjini kutafuta kazi. Na hapo pakatokea ushirika wa namna nyingine, ambao haukupangwa na chama chochote.

Karani kutoka Kilimanjaro alikuwa amelelewa kwa desturi za Misioni ya Leipzig. Fundi kutoka Bukoba, au mpishi kutoka Usambara, alikuwa wa Bethel. Mtu wa Ubena au Rungwe alikuwa wa Berlin, mtu wa Singida wa Augustana, na mtu wa Mbulu alikuwa amebatizwa na Wanorwe. Wote waliitwa Walutheri. Lakini walipokutana katika chumba kimoja cha shule, au chini ya mwembe mmoja, waligundua kwamba sauti za nyimbo hazikuwa sawa, wala mpangilio wa ibada, wala desturi za kuwapokea wenye kipaimara. Wazee wametueleza kwamba wimbo mmoja uliweza kuimbwa kwa sauti mbili kwa wakati mmoja, kila upande ukivuta wake, na aliyekuwa na kifua kikubwa ndiye aliyeshinda. Twacheka leo. Lakini watu hao walikubali kujifunza sauti za wenzao, na pale walipokubali, walikuwa wamelitangulia kanisa zima. Maana ilikuwa tarehe 19 Juni 1963 ndipo makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, na letu la Uzaramo na Uluguru likiwa mojawapo, yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Viongozi waliutia sahihi muungano huo kwa wino. Mabenchi ya sharika za pembezoni mwa mji yalikuwa yamekwisha kuuzoea.

Mwaka uliofuata, 1964, ikaanzishwa huduma ya Kikristo ya wakimbizi, kwa mapatano baina ya serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi na Shirikisho la Walutheri Duniani. Kwa njia hiyo watu waliokimbia kutoka Rwanda, na baadaye kutoka Msumbiji, walipata mbegu, majembe na visima. Waliokuwa yatima jana walianza kuwapokea yatima wengine.

Hata hivyo tusifiche ugomvi uliokuwapo. Mwezi wa Mei 1974, katika mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka, lilitolewa shauri kwamba wamisionari na fedha za ng'ambo zisimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mchungaji John Gatu wa Kenya alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo tangu 1971. Wengi walikasirika, wengine waliogopa, wengine walifurahi moyoni bila kusema. Sisi twaona kwamba shauri lile lilikuwa na kweli kali, nayo kweli hiyo tumeiona kwa macho yetu. Tunaujua usharika mmoja, ambao hatutautaja, uliosimamisha kuta za kanisa hata usawa wa madirisha, kisha ukaandika barua kwa marafiki wa ng'ambo na kukaa ukingoja. Mvua za masika zilipita mara tatu juu ya kuta zile. Matofali yakaanza kulika. Mwisho akina mama wa usharika wakaamua kwamba kila nyumba ilete bati moja; asiyeweza bati alete misumari; asiyeweza misumari alete maji ya kuchanganyia saruji. Paa lilipokuwa nusu ndipo barua ilipojibiwa, na msaada ukaja, ukatosha kumaliza nusu ya pili. Tulikuwa miongoni mwa waliongoja, na aibu yake ni yetu pia.

Lakini kuyakataa yote kwa sababu ya aibu hiyo hatuwezi. Mtume Paulo mwenyewe alizunguka Makedonia na Akaya akikusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na waliotoa hawakuwa matajiri, na waliopokea hawakuwa watumwa wa watoaji. Mwezi wa Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita hapa Dar es Salaam, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wageni kutoka mabara yote walikuja katika mji ambao Greiner aliukuta magofu. Mkutano ule ukamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Ukasema pia kwamba kulikubali jambo la ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni kuikana imani yenyewe. Siku hizo Ujerumani, Uswidi na Marekani zilikuja kwetu kuuliza njia.

Leo mji umekwenda mbali kupita Temeke na Kinondoni za wazee wetu. Mbagala, Chanika, Goba na Bunju, mahali palipokuwa mikorosho na minazi, pana watu wengi kuliko mji wote wa mwaka 1948. Mtaa mpya huanza karibu namna ileile kila mahali: nyumba moja ya ibada za jioni, kisha darasa la kuazima, kisha kiwanja. Usharika mama hutoa mabenchi ya zamani na mwinjilisti. Baada ya ibada ya Jumapili pana mnada: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, kikapu cha mihogo, vitu vilivyoletwa kwa sadaka na wasio na fedha taslimu. Mtu hununua jogoo, akamrudisha madhabahuni, auzwe tena. Tumepata kumwona jogoo mmoja akiuzwa mara nne asubuhi moja, kisha akatolewa kwa mjane aliyekuwa amekaa mlangoni. Na mara nyingine katika ibada hiyohiyo huwapo wageni kutoka Ujerumani au Marekani, wanaosimama kusalimu, nao hununua mayai kama watu wengine, kwa bei ambayo mnadi haoni haya kuipandisha.

Twawaomba sasa walimu na wazee jambo moja. Katika kila usharika wako watu wanaokumbuka ibada ya kwanza ilifanyika nyumbani kwa nani, ni nani aliyetoa kiwanja, ni nani aliyepika uji wa mafundi, na barua ya kwanza ya marafiki wa ng'ambo ilisomwa siku gani. Wengi wao ni wazee sana. Nunueni daftari, mwende mkaketi nao, mkaandike majina yao wenyewe wanavyoyatamka, na daftari hilo likae katika sanduku moja na kitabu cha ubatizo.